Jicho la Diwani

Mbwa alipokataa kufanyiwa upasuaji, Daktari Sekela Nyagawa alikuwa ameshavaa glavu.

"Hapana," alisema Diwani, na taa ndogo kwenye kola yake ikawaka nyekundu. "Jicho hapana."

Alisema kwa sauti nzito ya mtangazaji wa mpira. Hiyo ndiyo sauti ambayo mwenye mbwa, Bi Hosiana Kilasi, aliichagua siku alipomnunulia kola ya kusema. Dukani zilikuwapo nyingine: ya kijana mpole, ya bibi, ya mhubiri. Bi Hosiana alizisikiliza zote kisha akasema mbwa wa kulinda kuku hawezi kuongea kama mtu anayeomba msamaha. Tangu hapo, kila Diwani alipotaka maji, majirani walidhani kuna goli limefungwa.

"Diwani, baba," Bi Hosiana alimwambia sasa, akimshika kichwa kwa mikono miwili. "Daktari anataka kukusaidia."

"Daktari mzuri," Diwani alikubali. "Jicho hapana."

Sekela alivua glavu. Nje upepo wa Njombe ulikuwa ukisukuma mageti ya mtaa mzima, na watu walipita wamejifunga masweta mpaka kidevuni. Ndani ya kliniki palikuwa na joto. Meza ya matibabu, iliyojua uzito wa kila mnyama aliyepanda juu yake na kuuonyesha ukutani, ilikuwa imeandika pia presha ya jicho la kushoto la Diwani, kwa tarakimu nyekundu.

Hakuhitaji tarakimu. Jicho lilikuwa limejaa mpaka kope hazikutani. Weupe wake ulikuwa mwekundu, na kioo chake kimeingia ukungu wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Kila kitu kilianza na homa ya kupe, mwaka uliopita. Homa ilipona, lakini askari wa mwili waliotumwa kupambana nayo hawakupewa habari kwamba vita vimekwisha. Walibaki ndani ya jicho wakipiga kuta na samani. Madaktari huita hali hiyo mchochota: mwili unawaka moto mahali ambapo adui hayupo tena. Moto ule uliziba njia ndogo ya kutolea maji ya jicho, maji yakajaa, presha ikapanda, na mshipa wa kuonea ukafa. Sekela alipitisha kidole mbele ya jicho, mbwa hakupepesa. Alimulika tochi, mboni haikusogea. Jicho lile lilibakiwa na kazi moja tu, kuuma.

La kulia nalo lilikuwa limeanza kuwa jekundu pembeni. Hilo lingeweza kuokolewa kwa matone ya asubuhi na jioni, na Diwani alikuwa ameyakubali matone bila ubishi. La kushoto lilitakiwa kutoka.

"Diwani," Sekela aliuliza, "jicho linauma?"

"Jicho linafanya kazi."

Sekela alimtazama Bi Hosiana. Bi Hosiana akainua mabega.

"Ndivyo anavyosema kila siku. Usiku kucha anabana kichwa ukutani, asubuhi nikimuuliza ananiambia linafanya kazi. Mwanangu, wewe toa tu. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Sheria inamtaka yeye mwenyewe, mama."

"Basi tulivue hilo domo. Tukilivua si anarudi kuwa mbwa wa kawaida?"

"Akishasema mara moja, ni msemaji maisha yake yote."

Bi Hosiana aliketi kwenye benchi na kupakata mkoba wake. "Kumbe siku ile nilijinunulia balaa," alisema.

Domo ndilo jina la mtaani la kola zile. Kifaa chenyewe kilikuwa chembamba kama mkanda wa saa. Kilisoma mapigo ya moyo, mikazo ya koo na mawimbi ya ubongo, kikayalinganisha na ya mbwa maelfu waliotangulia, kisha kikachagua neno kati ya mia chache kilizokuwa nazo. Kwa upande mwingine, maneno ya watu kiliyageuza kuwa mitetemo ambayo mbwa alijifunza katika shule ya miezi kadhaa. Hakikujua utani. Hakikujua kesho, kwa kuwa hakuna mbwa aliyewahi kupatikana akiwaza kesho kwa namna ambayo mashine ingeweza kuinasa. Lakini ndiyo na hapana kilizijua vizuri sana. Mwaka ambao mbwa mmoja alihojiwa redioni kuhusu kuhasiwa kwake, nchi nzima ilikosa la kusema, na kabla ya mwaka kwisha Sheria ya Ridhaa ikapita: mnyama anayeweza kukataa asikatwe mwili mpaka akubali.

Sekela aliipenda sheria ile. Alikuwa chuoni ilipopitishwa, na alishangilia pamoja na wenzake. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ingemsimamisha mbele ya mbwa mwenye maumivu, mikono mitupu.

*

Daktari Lupenza, mwenye kliniki, alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyependa kula na kupenda zaidi kulisha wengine. Alimsikiliza Sekela huku akimenya chungwa.

"Ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza kama nitoe jicho."

"Ndiyo maana. Swali kama hilo hata mimi ningekataa." Alifungua friji ya chakula cha wafanyakazi na kutoa soseji. "Muulize ukiwa na hii mkononi."

"Hiyo siyo ridhaa, daktari. Hiyo ni njaa."

"Kola inaandika ndiyo. Baraza la Ridhaa linapokea ndiyo. Mbwa anapona, mama anarudi kwake na furaha. Niambie ni nani aliyeumia hapo."

Lupenza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametibu wanyama kabla ya domo la kwanza kutengenezwa, wakati ridhaa ilikuwa kumshika mgonjwa miguu yote na kuomba asing'ate. Mlango wa chumba cha kusubiri ulikuwa wazi. Sekela alimwona Diwani amesimama, kichwa amekibana kwenye vigae vya ukuta kwa ajili ya ubaridi wake, na Bi Hosiana akimkuna nyuma ya masikio huku akimwimbia kitu kwa Kibena. Mbwa alikuwa akitetemeka.

Akaichukua soseji.

Haikuwa kazi. Diwani aliinusa kabla hajaiona.

"Diwani, nitoe jicho, upate soseji?"

"Ndiyo." Taa ikawaka kijani. Mkia ulipiga mguu wa meza. "Ndiyo. Ndiyo. Sasa."

"Umeona?" alisema Lupenza kutoka mlangoni.

Mbwa alipanda mezani mwenyewe. Sekela alimnyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akamfunga mpira, akatafuta mshipa. Dawa ya nusukaputi ilikuwa tayari kwenye bomba la sindano. Alipoinua sindano, Diwani aligeuza kichwa chote ili amwone kwa jicho lake zima, na kwa ile sauti ya mtangazaji, akiwa na hamu ya kweli ya kujua, akauliza:

"Soseji iko ndani ya jicho?"

Lupenza alicheka.

"Hapana," alisema Sekela. "Haiko ndani ya jicho."

"Iko wapi?"

"Ninayo mimi. Mfukoni."

Mbwa aliwaza. "Basi jicho liache," alisema.

Sekela aliweka sindano chini. Akafungua mpira, akatoa soseji mfukoni na kumpa. Diwani aliimaliza kwa mafunda mawili na kulamba meza. Kisha Sekela akabonyeza sehemu ya kufuta ridhaa, na meza ikamuuliza sababu.

"Hakuelewa swali," aliiambia.

"Umeifuta ndiyo ya kisheria kabisa," Lupenza alisema, lakini taratibu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake.

"Aliyekubali ni tumbo, daktari. Jicho halikuulizwa."

*

Kama hangeweza kulitoa, angalau angelituliza. Kliniki ilikuwa na vibandiko vya ganzi, vidogo kama ukucha, vilivyobandikwa nyuma ya sikio na kuunyamazisha mshipa mmoja tu wa fahamu kwa saa chache bila kumlaza mgonjwa. Sekela alimwonyesha Diwani kimoja, akamwachia akinuse.

"Kibandiko ndiyo," alisema Diwani. "Sindano hapana."

Alikibandika. Bi Hosiana alisogea karibu aone. Wote wawili walitegemea kumwona mbwa akipumua kwa raha. Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa: mabega yalishuka, masikio yakalegea. Kisha Diwani akasimama wima kama aliyemwagiwa maji.

"Jicho limelala," alisema.

Akageuka kushoto, akageuka tena, akajigonga kwenye benchi.

"Jicho limelala. Kuku wapo? Mwewe yupo? Jicho amka." Akaanza kulipiga jicho kwa mguu, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. "Amka. Amka."

Sekela alimrukia na kukibandua kile kibandiko. Dakika hazikupita nyingi, mbwa akaanza kutetemeka upya kwa maumivu. Akakaa chini.

"Jicho limeamka," alisema. "Vizuri."

Bi Hosiana alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Sekela aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mbwa akaja kulaza kidevu kwenye goti lake.

"Mama," alisema Sekela, "niambie, mwewe amefanya nini?"

"Mwewe gani?"

"Huyo anayemwogopa."

"Hamwogopi. Ni adui yake." Bi Hosiana alifikiri kidogo. "Labda mwaka jana, alipougua ile homa. Alilala chini ya uchaga hata maji hawezi kunywa, na mwewe akaja akanimalizia vifaranga. Kila siku anachukua. Diwani anamwona, anataka kunyanyuka, anaanguka. Nililia, si kwa sababu ya vifaranga, ni kwa ajili yake. Alipopona akaanza kuumwa jicho. Lakini tangu siku hiyo sijapoteza hata kifaranga mmoja. Hapumziki. Mchana yuko uwanjani, usiku yuko mlangoni pa banda."

"Na jicho linamuuma muda wote huo."

"Muda wote."

Sekela alimtazama mbwa. Jicho lilipokuwa zima, alilala na kuku wakachukuliwa. Jicho lilipoanza kuwaka, kuku wakabaki. Kwake yeye ule moto ndio ulinzi wenyewe. Jicho lilimzuia kulala, basi jicho ndilo lililokuwa zamu.

Halafu akakumbuka jambo jingine, na akashika kichwa.

"Kule shuleni kwao, walimu wanamwambiaje mbwa awe mwangalifu?"

"Kaa macho," Bi Hosiana alijibu mara moja. "Ukimwambia, 'Diwani, kaa macho,' anasimama kama askari."

"Ni neno hilohilo, mama. Jicho na macho, ndani ya domo ni neno moja. Mimi nimekuwa nikimuuliza asubuhi yote kama nimtoe macho. Amesikia nataka kumfanya asiwe macho tena. Nimemwomba ruhusa ya kumlaza maisha yake yote, kuku wachukuliwe."

Daktari Lupenza alikuwa amesimama pale mlangoni muda mrefu, chungwa mkononi. Aliingia, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa.

"Kwa hiyo hapana yake ina sababu," alisema.

"Ina sababu kuliko ndiyo zote tulizowahi kupeleka."

"Mwambie jicho limekufa, basi. Halioni."

"Nani ataamini? Nikimwambia limekufa, yeye ndiye anayelisikia linapiga kazi."

Diwani alifungua jicho lake zima aliposikia jicho likitajwa. "Linafanya kazi," aliwahakikishia.

*

Jumamosi Sekela alivaa buti za mpira na kwenda Uwemba, kwa Bi Hosiana. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, mbele yake shamba la viazi linaloteremka mpaka bondeni, nyuma miparachichi michanga iliyopangwa mistari. Juu ya bonde ndege za dawa zilipita zikivuma, zikielekea zahanati za mbali, na Diwani hakuzijali. Alizijua. Uwanjani, mama kuku watatu walikuwa wakitembeza vifaranga, na mbwa aliwazunguka taratibu, kichwa kimeinamia upande wa kushoto.

"Kamwene, daktari," Bi Hosiana alimsalimu.

"Kamwene, mama. Leo kazi yetu ni kukaa tu."

Sekela alichuchumaa mbele ya mbwa na kumwonyesha kibandiko. Alikuwa amefikiria maneno njia nzima, kwa kuwa kwa Diwani hapakuwa na kesho wala baadaye. Kila kitu kilitakiwa kisemwe kama kinatokea sasa.

"Diwani. Kibandiko. Jicho linalala. Mama yupo na kuku. Daktari yupo na kuku. Diwani anasema toa, daktari anatoa."

Mbwa alimtazama, akamtazama Bi Hosiana. "Mama yupo?"

"Nipo, baba."

"Daktari yupo?"

"Nipo."

"Kibandiko kidogo," alisema Diwani.

Kilipoanza kufanya kazi, alitetemeka kama mara ya kwanza. Alizunguka kuku mbio, akajikwaa kwenye ndoo. "Toa," alisema, na Sekela akatoa papo hapo.

"Mbona umetoa haraka hivyo?" Bi Hosiana alishangaa. "Angezoea."

"Amesema toa."

Wakasubiri mpaka alipotulia. Mara ya pili alivumilia muda mrefu zaidi, akiwa amebana mwili kwenye magoti ya Bi Hosiana, kisha akasema toa. Akatolewa. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya Sekela na kumgeuzia sikio.

Safari hiyo hakusema toa. Alikaa katikati ya uwanja, mwili wote umekaza, masikio yakigeuka huku na huku. Jua lilipanda. Bi Hosiana alileta chai na viazi vya kuchemsha, wakala. Sekela alianza kuwaza kwamba labda siku ingeisha hivyohivyo, wakiwa na mbwa mwenye wasiwasi na uwanja usio na habari.

Mwewe alitokea kushoto, upande wa jicho lililokufa.

Wanawake wawili hawakumwona. Mama kuku mmoja alitoa sauti fupi ya kukoroma, na kabla sauti haijaisha kichwa cha Diwani kilikuwa kimegeuka chote na miguu yake imeshaondoka. Alipita kati yao akamwaga chai. Kivuli kilishuka juu ya shamba la viazi, chini kabisa, na domo likapasua kilima kizima kwa sauti ya dakika ya mwisho ya fainali: "Mwewe! Kushoto! Mwewe!"

Ndege alijipindua hewani, kucha zikakosa, akapanda tena kwa tabu na kutua kwenye mkaratusi ng'ambo ya bonde. Vifaranga walikuwa wameshapotea chini ya mbawa za mama zao.

Diwani alisimama akihema. Halafu akaenda kwa kila mama kuku, akanusa chini yake, akaondoka kwenda kwa mwingine. Hakuharakisha.

"Kuku wapo," alisema.

"Wapo wote," alisema Bi Hosiana.

Mbwa alirudi kwa Sekela. Alikuwa na jambo.

"Jicho limelala?"

Sekela aligusa nyuma ya sikio lake. Kibandiko kilikuwapo. "Limelala."

Kola ilitetema muda mrefu, kama redio inayotafuta stesheni.

"Nani ameona mwewe?"

"Wewe."

"Jicho?"

"Jicho limelala. Diwani yuko macho."

Alikaa chini. Alitazama bonde, akatazama mkaratusi. Mpaka mchana kibandiko kilikuwa bado mahali pake, na mbwa alizunguka uwanja kwa mwendo wa kawaida, hata akachimba shimo moja lisilo na sababu, jambo ambalo Bi Hosiana alisema hakuwa amelifanya tangu mwaka jana.

Ganzi ilipokwisha, aliacha shimo lake. Alikuja polepole, akasukuma kichwa chote kwenye mapaja ya Sekela.

"Jicho linauma," alisema.

Bi Hosiana aliyekuwa akiokota vikombe alisimama pale pale. Neno hilo lilikuwamo ndani ya domo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia kwa jicho lile.

"Ninajua," alisema Sekela. Akavuta pumzi. "Diwani. Daktari anatoa jicho. Jicho halirudi. Diwani yupo. Kuku wapo."

"Mwewe yupo?"

Angeweza kusema hayupo. "Mwewe yupo."

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Soseji ipo?"

Bi Hosiana alifungua mdomo, Sekela akamwinulia mkono.

"Soseji hakuna," alisema.

Mbwa aliwaza. Kuku walikuwa wakiparua. Upepo ulipita juu ya viazi na kuyageuza majani yote upande wa chini, kisha ukayaachia. Sekela alisubiri, maana sasa hakuwa na njia nyingine. Kama jibu lingekuwa hapana, angelazimika kuliheshimu, akarudi mjini, na jicho lingeendelea kuuma.

"Toa," alisema Diwani, na taa ikawaka kijani.

*

Jicho lilitoka Jumatatu asubuhi, bila shida yoyote. Lupenza alisaidia kushika vifaa na hakufanya mzaha hata mmoja mpaka uzi wa mwisho ulipofungwa. Hapo ndipo alipomwambia Sekela kwamba ana paka wa kuhasiwa saa nane, na angependa kujua paka huulizwaje.

"Kwa uvumilivu," alisema Sekela.

"Nilimuuliza jana. Alisema nitoke chumbani."

"Basi leo utajaribu tena, ukiwa umetoka."

Diwani alipozinduka, uso umevimba na shingoni amevalishwa ndoo ya plastiki isiyo na kitako ili asijikune, alisema maneno mawili, "baridi" na "nyumbani." Matone ya jicho la kulia yaliendelea asubuhi na jioni. Wekundu wake ulififia taratibu, na mboni ikaanza tena kukimbia mwanga inavyotakiwa.

Siku ya kutoa nyuzi Sekela alipanda kilima cha Uwemba mwenyewe, ili mgonjwa asisumbuke na safari. Uwanja ulikuwa kimya. Alisita getini, kwa sababu hakumwona mbwa, na mahali pa mbwa palikuwa na Bi Hosiana, ameketi juu ya kigoda katikati ya kuku, fimbo mapajani, akikodolea macho anga.

"Mama, Diwani yuko wapi?"

"Shh." Bi Hosiana alionyesha kwa kidevu.

Alikuwa chini ya uchaga wa vyombo, amelalia ubavu wa kushoto, ule ambao alikuwa hawezi kuulalia. Miguu ilikuwa imenyooka kila upande kana kwamba imetupwa. Mdomo uko wazi, ulimi umetoka kidogo. Alikuwa akikoroma.

"Nilidhani anaumwa," Bi Hosiana alinong'ona. "Siku ya kwanza nilimtingisha. Akaniambia 'mama yupo,' akalala tena. Anakunywa uji asubuhi, anazunguka banda, kisha analala hivyo mpaka jua linaposhuka. Jioni anaamka, anakimbiza kila kitu. Jana amemkimbiza hata mchungaji."

"Hajalala vizuri tangu ile homa," alisema Sekela kwa sauti ya chini. "Ana deni la usingizi la mwaka mzima."

"Ndiyo nikaona nimshikie zamu."

Sekela aliweka mkoba wa vifaa chini. Nyuzi zingeweza kusubiri. Alivuta kigoda kingine, akakaa mgongo kwa mgongo na Bi Hosiana ili kila mmoja awe na nusu yake ya anga. Wakazungumza kwa kunong'ona juu ya bei ya viazi, na juu ya binti wa Bi Hosiana aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya upepo huko Makambako, na kama uchumba wake ulikuwa na mwelekeo.

Kivuli kilipita juu ya viazi.

Waliinuka kwa pamoja. Bi Hosiana alijaza hewa kifuani apige ukelele, Sekela akamshika mkono na kumwonyesha kule chini ya uchaga. Bi Hosiana akaimeza sauti yake. Akafungua kitenge kiunoni, Sekela akavua koti lake jeupe, na watu wazima wawili wakaanza kurukaruka katikati ya uwanja bila kutoa sauti yoyote, wakipunga nguo juu ya vichwa vyao, buti zikizama kwenye udongo mwekundu, kuku wakiwakimbia wao badala ya mwewe.

Ndege alizunguka mara moja, akawatazama vizuri, akaona hapana sababu ya kujiingiza katika mambo ya watu kama wale. Akaenda zake bondeni.

Walikaa chini wakicheka mpaka machozi, viganja midomoni. Chini ya uchaga Diwani alijigeuza, akajinyoosha, akaendelea kukoroma.